Shanga au Kokoto

Mume wangu Ebo ni Mfante, mtu wa pwani ya Ghana, na Mfante akishasema jambo kwa Kiingereza huamini amelimaliza. Siku ile alisema "Full HD inatosha," akafumba macho kama mchungaji aliyetoka kutoa baraka. Nikamwambia haitoshi. Nilitaka televisheni ya 4K, tena ile kubwa inayoziba nusu ya ukuta.

"Mama Araba, tutaangalia nini humo?" akauliza. "Mpira ni uleule. Mahubiri ni yaleyale. Mchungaji hawi mtakatifu zaidi kwa sababu tunamwona vinyweleo."

"Tutaangalia kanda ya mahari yetu."

Hapo akafumbua macho. Kanda hiyo alikuwa ameipeleka mwenyewe kwa fundi, mtaa wa Adum, mwezi uliopita. Ilikuwa imelala chini ya mashuka tangu deki yetu ilipokufa, na baada ya kumaliza mwaka tangu kifo cha Mama yangu, Ebo aliona vyema iwekwe kwenye flashi, tupate kumwona mama mkwe akitembea. Tulimwona. Tuna televisheni ndogo ya zamani, na humo Mama alikuwa mdogo kama punje ya mahindi, ameketi mstari wa mbele upande wa wanawake, nguo ya bluu yenye madoa meupe. Ebo alitokwa machozi. Mimi sikutokwa na kitu. Nilikuwa nimesogea mpaka pua inagusa kioo, nahesabu madoa.

Mimi nauza vitenge soko la Kejetia. Vitenge vyetu havina maandishi, jina liko kwenye mchoro, na mwanamke wa Kumasi akivaa kitenge mbele za watu amesema neno. Kuna kimoja kinaitwa Kokoto za Nyumbani. Maana yake, kokoto ya kwako ikikuchoma inauma kuliko ya njiani. Huyo aliyekivaa kaumizwa na wa kwake, na anataka mjue. Kuna kingine kinaitwa Shanga Njema, kwa sababu shanga njema hazipigi kelele: aliye na jema hana haja ya kulitangaza. Vyote viwili huchapwa kwenye bluu, vyote vina viduara vyeupe. Tofauti ni kwamba kokoto zimemwagika ovyo, shanga zimetungwa kwenye nyuzi.

Siku ya mahari yangu Mama alivaa kimojawapo.

Mimi sikukiona. Bibi harusi anafichwa chumbani mpaka aitwe, na nilipoitwa niliinamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikaona miguu tu. Nilipoinua uso Mama alikuwa ameshakwenda jikoni, na kanisani alikuja na nyeupe. Jioni wifi yangu Ekua, dada yake Ebo, ndiye aliyenikonyeza. "Wifi, mama yako hana haya. Katuvalia Kokoto mbele za wageni." Nilimwamini. Mama hakumtaka Ebo hata kidogo. Alisema Wafante wanakula mali kwa samaki na kuongea, na kwamba mimi nitahamishiwa pwani asinione tena. Basi tangu siku ile nikajua mama yangu kanilaani kwa nguo. Sikumuuliza, naye hakusema. Alikuja kunitunza nilipojifungua Araba, alinipikia, alinikanda maji ya moto, na hakusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo nilivyoamini, nikawa nausikia mshindo huo kila Krismasi.

Sandukuni mwake kitenge hicho hakimo. Nilitafuta. Wazee waliomwosha na kumvisha walimwekea jenezani vitenge vyake vya moyoni, na ukiwauliza ni vipi wanakutazama mpaka uombe radhi. Ebo nilimuuliza. Wanaume! Akafikiri sana, akasema, "Kilikuwa cha bluu."

Kwa nini nitake kujua leo, Mama akiwa ameshapumzika? Kwa sababu ya Jumamosi. Jumamosi watu wa Selorm walikuwa wanakuja kumtolea mahari Araba wangu, mtoto wangu wa pekee. Selorm ni kijana wa Keta, ana adabu, anafundisha hesabu, na anataka kumpeleka mwanangu huko Keta ambako bahari inakula nyumba za watu hadharani. Nilikuwa nimekasirika. Sitafuni maneno. Nilikuwa nimechukua yadi sita za Kokoto kutoka kwenye meza yangu mwenyewe, nimezipeleka kwa fundi, na nguo ilikuwa imeshashonwa, inaning'inia nyuma ya mlango. Nikajiambia: Mama alinivalia, nami nitamvalia wangu, ndivyo akina mama wanavyosema ukweli. Lakini usiku moyo ulikuwa haukubali. Je, kama hakunivalia? Nilitaka kuziona zile nukta kwa macho yangu kabla sijaivaa ile nguo.

Hayo Ebo nilikuwa sijamwambia. Nilimwambia tu achukue flashi, tunakwenda Adum.

Duka tuliloingia ni la mwanamke anayeitwa Frema, mpana, mchangamfu, ana miwani kichwani ambayo sikuwahi kuiona ikishuka machoni. Ukutani kulikuwa na televisheni tupu, kubwa kwa ndogo, zote zinaonyesha samaki. Samaki wa manjano, samaki wa zambarau, asali inamwagika, kasuku anageuza shingo. Nikasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote, nikasogea, nikasogea tena, mpaka nikaona magamba ya samaki yana magamba.

"Mama, utamla huyo samaki?" Frema akauliza nyuma yangu.

"Mume wangu atamla. Ni Mfante."

"Ahaa! Karibu, shemeji!" Akampa Ebo mkono, wakacheka kana kwamba wamekula pamoja miaka yote. Ebo hapati shida kupendwa, ndilo tatizo lake.

Nikaingia kwenye shughuli. "Dada Frema, hii maandishi yake yanasema HD, ile Full HD, hii 4K. Nieleze, lakini nieleze kama mtu, usinieleze kama karatasi."

Frema alivuta stuli, akakaa. Nilimpenda kwa hilo, alikaa kabla ya kusema. "Sogea hapa kwenye kioo. Karibu kabisa. Unaona vinukta?"

Niliviona. Sikuwa nimejua kwamba picha imetengenezwa na vinukta. Vimejipanga safu kwa safu, nyekundu, kijani, bluu, vidogo kama mbegu za mchicha.

"Kila picha ni vinukta vimepangwa," akasema. "HD ya kawaida ina safu mia saba na ishirini kutoka juu hadi chini. Full HD ina safu elfu moja na themanini. Hii 4K ina safu elfu mbili mia moja na sitini, na vinukta vyake ukivijumlisha ni mara nne ya Full HD, kwa sababu vimeongezeka kwa urefu na kwa upana pia."

"Kwa hiyo 4K ni bora."

"Inategemea. Ukinunua ndogo ya inchi thelathini na mbili, uiweke chumbani, uiangalie ukiwa kitandani, HD ya kawaida inakutosha, macho yako hayatajua tofauti. Ukinunua kubwa kama hii ukakaa karibu, HD ya kawaida utaanza kuviona vinukta, utasema picha ina ukurutu. Hapo ndipo 4K inasaidia. Ukubwa, vinukta, na mahali unapokaa, hivyo vitatu vinakwenda pamoja."

"Nilisema mimi," Ebo akasema. "Full HD inatosha."

"Wewe nyamaza, hujaulizwa." Nikamgeukia Frema. "Na picha ya zamani? Ya kanda ya deki?"

Frema akashusha pumzi. Naona swali hilo alikuwa amekutana nalo. "Mama, kanda ile kamera iliiona kwa mistari michache. Kwa kweli, ukiondoa mbwembwe, haifiki hata nusu ya HD ya kawaida. Vikombe viwili vya maji ukivimimina kwenye pipa, vinabaki vikombe viwili."

"Lakini televisheni inajaza kioo chote. Haiachi pembeni tupu."

"Inajaza, ndiyo. Inakisia. Inaangalia kinukta hiki cheupe na kile cha bluu, halafu katikati inatia rangi inayodhani inafaa."

"Inasema uongo?"

"Haisemi uongo. Inakisia tu. Sasa kama ni picha ya zamani, mimi nakushauri uchukue hiyo ya kati, Full HD, uweke mbali na kiti. Picha ya zamani ni ya kuangaliwa kwa mbali, Mama. Mtu akiing'ang'ania anaipoteza."

Nikacheka moyoni. Mimi, miaka yote nauza vitenge, niambiwe niangalie kwa mbali! Sisi kitenge hatukihukumu kwa mbali. Kwa mbali kila kitenge ni cha Uholanzi, kile halisi cha bei. Unakivuta, unakileta machoni, unakisugua kwa vidole, unasoma ukingo, na mteja anayesimama mbali tunajua hana nia ya kununua. Nikaona huyu mwanamke anataka kuniuzia kitu cha kati kwa sababu kanitazama viatu.

"Nipe hii kubwa," nikasema.

"Mama Araba..." Ebo akaanza.

"Nipe hii kubwa, Dada Frema. Na huyo samaki aje nayo."

"Samaki haji," Frema akasema taratibu. "Samaki alipigwa picha na kamera ya 4K, ndiyo maana unamwona hivyo. Usimwamini samaki wa dukani. Umekuja na flashi yako? Tuitie hapa uione kwanza."

Flashi ilikuwa mfukoni mwa Ebo. Akaanza kuitoa, nikamshika mkono. Sikutaka Mama yangu aonekane pale katikati ya kasuku na asali, na watu wanapita na mifuko yao. Na zaidi ya hapo niliogopa. Nikasema tutaona nyumbani.

Frema akanitazama, miwani ikiwa palepale kichwani. "Haya. Lakini nakumbusha, Mama: mbali."

Televisheni ilifika Jumapili baada ya kanisa, imebebwa na wanaume wawili ambao majirani wote wa uani walitoka kuwatazama. Mwenye nyumba wetu alitania kwamba sasa ataongeza kodi, maana tumeleta sinema. Ikafungwa ukutani sebuleni, mkabala na mlango unaofunguka uani. Sebule yetu ni ndogo. Kutoka kochi hadi kioo mtu mrefu akilala anagusa kote.

Araba alikuwa amekuja kusaidia mapishi ya mchana. Alipoiona ile televisheni alipiga makofi. "Mama! Nani kakuroga? Wewe uliyesema televisheni ni kula macho?"

"Kaa huko. Kaponde muhogo wa fufu."

"Mama, Jumamosi unavaa nini? Selorm anauliza, watu wao wanataka wafanane rangi na sisi kidogo."

"Waambie wafanane na bahari yao." Nikamwona uso unavyoanguka, nikageuka. Akatoka bila kusema. Hata hilo liliniudhi, jinsi alivyotoka bila kusema, maana ulikuwa ni ukimya wa Mama yangu mtupu.

Ebo akachomeka flashi. Nikavuta kigoda, nikakaa pua kwa kioo.

Ikaanza. Jamani. Nilitegemea magamba ya samaki. Nilipata uji. Uso wa kila mtu ulikuwa umevimba, umelainika, hauna pembe, kana kwamba umepakwa siagi. Ebo kijana alipita na suti yake ya mabega mapana, na badala ya macho alikuwa na mashimo mawili ya kahawia. Kwenye televisheni ndogo alikuwa na macho. Nikamwambia Ebo asogeze mbele, mbele, mpaka wanawake wa upande wetu. Hapo! Simamisha!

Mama. Alikuwa mkubwa sasa, mkubwa kama mimi. Na alikuwa hana kitu. Bluu, na juu ya bluu mavimbe meupe yaliyoyeyukiana, mengine mraba, mengine yana mkia. Niliweka kidole kwenye vimbe moja kuanzia begani. Nikalifuata. Likaishia kwenye ukungu. Nikafuata jingine. Ukungu. Hii ilikuwa kokoto? Hii ilikuwa shanga? Ilikuwa ni kile ambacho televisheni imekidhani.

"Huyu si Mama," nikasema.

"Ndiye," Ebo akasema. "Angalia anavyoshika kidevu."

"Nataka nguo yake! Sitaki kidevu!"

Ebo akaiacha picha imesimama. Akaweka rimoti chini, akaniuliza kwa upole ule unaonitia hasira, "Konadu, nguo yake ina nini?" Haniiti jina langu mara nyingi.

Basi nikamwambia yote, hapo hapo kwenye kigoda. Ekua na kukonyeza kwake, Kokoto, ile nguo nyuma ya mlango. Nilisema kwa kelele, kwa hiyo nadhani uani pia walisikia.

"Miaka yote hii," akasema, "ulidhani mama yako amenikataa mbele za watu, na ukapika kwangu hata hivyo?"

"Nilikuwa nimekupenda, mjinga wewe, ningefanya nini?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ekua hajui vitenge. Ekua angekuwa muuza vitenge tungekufa njaa."

"Ekua alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake!"

"Ndiyo. Na wewe umeketi shubiri moja. Umeona nini?"

Nikasimama. Nikapiga kigoda teke. Nikasema Frema ni tapeli, ingawa ndiye pekee aliyeniambia ukweli, na hilo lilinichoma zaidi. Nikasema kesho hii mashine inarudi Adum pamoja na mavimbe yake. Kisha nikatoka nje ili nisilie mbele ya Ebo, nikavuka uani mpaka kule kwenye kinu, ambako Araba alikuwa anaponda peke yake huku anageuza kwa mkono mwingine, jambo la hatari, kwa sababu hakuna aliyemsaidia.

"Utajiponda vidole," nikamwambia.

"Vyangu," akajibu.

Nikakaa kwenye gogo, nikatia mkono kinuni. Kazi ya kugeuza fufu haitaki hasira, mchi hauna simile. Nikaanza kugeuza kwa mpigo wake, yeye anapiga, mimi nageuza, anapiga, nageuza. Polepole pumzi zangu zikarudi. Fufu ilipolainika Araba akasimamisha mchi kupangusa jasho, nami nikainua kichwa.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Ng'ambo ya uani, nyuma ya kamba ya nguo, ndani ya kile kiza cha sebule, Mama yangu alikuwa ameketi.

Sikusema "televisheni". Kwa muda mfupi sikukumbuka televisheni. Niliona Mama ameketi kwenye kiti chake, kidevu mkononi, uso wake una pembe zake zote, na lile kunjo dogo la pua alipokuwa anajizuia asicheke. Alikuwa anajizuia asicheke! Na kutoka begani kwake, kupita kifuani, hadi magotini, zilishuka nyuzi. Nyeupe, zimenyooka, uzi kwa uzi, zimelala sambamba. Yale mavimbe niliyoyahangaikia kwa kidole moja moja yalikuwa yameshikana mikono.

Mkono wangu ulikuwa bado kinuni. Araba akaniuliza, "Mama, nini?"

"Ebo!" nikaita. "Baba Araba! Usiguse kitu! Usiguse hiyo rimoti, Mungu atakuona!"

Ebo akatokea mlangoni, akaziba kila kitu kwa tumbo lake. "Nimefanya nini tena?"

"Toka hapo mlangoni! Njoo huku! Njoo simama hapa kwenye kinu."

Akavuka, huku majirani wanatoa vichwa. Nikamgeuza kwa mabega. Akatazama. Yule mtu aliyekumbuka bluu peke yake alitazama muda mrefu, halafu akanyoosha kidole hewani akachora mstari, kutoka juu hadi chini, na mwingine, na mwingine.

"Zimetungwa," akasema.

"Zimetungwa?"

"Konadu, zimetungwa. Hata mimi Mfante naona."

Nikajaribu kusogea. Nikapiga hatua kuelekea sebuleni, bado nyuzi. Nikapita kamba ya nguo, bado. Nikakanyaga kizingiti, nyuzi zikaanza kukatika. Nikaingia hadi kwenye kigoda, uji. Nikarudi nyumanyuma kama mtu anayeagana na mfalme, na pale kwenye kamba ya nguo zikarudi. Nilikwenda na kurudi namna hiyo mpaka mwenye nyumba akauliza kama ni ibada. Sikujali. Nilitaka kujua zinakatikia wapi hasa, nikataka kuziona zikikatika na zikiungana. Macho yangu yakiwa mbali yaliacha kuhangaika na kila doa, yakaona mpango.

Shanga njema hazipigi kelele. Mama yangu aliketi mbele ya Wafante wale wote waliokuja na samaki wao na Kiingereza chao, amevaa jambo hilo kutoka bega hadi goti, akijizuia asicheke, akijua mwanawe muuza vitenge atasoma. Kumbe mwanawe alikuwa chumbani. Halafu akanyamaza, kwa sababu alishasema. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilishaambiwa na Ekua. Mimi na ile televisheni tulikuwa na kazi moja. Palipokosekana nukta tulitia rangi tuliyoidhani. Nilimfikiria Mama akinikanda maji ya moto, mikono yake, na mimi nimelala nikimkisia chuki. Nililia pale uani, muhogo uliopondwa hadi kwenye viwiko, na sikujificha.

Araba alikuwa ameshika mchi, ananitazama. "Baba, amepatwa na nini?"

"Muulize mwenyewe," Ebo akasema. Akaingia ndani na kuvuta mlango nusu, kwa adabu.

Araba hakuniuliza. Alichuchumaa tu karibu yangu akasubiri, mdomo umefungwa. Nikamtazama karibu vile nikaona pua yake, ina kunjo lilelile. Ungedhani ananihukumu. Nilichoka kudhani.

Nyuma ya mlango kulikuwa na ile nguo ya Kokoto. Kesho yake asubuhi niliifumua mishono, na baadaye nikaizungushia magunia ya mahindi. Kwenye meza yangu Kejetia kuna Shanga Njema ya kutosha, fundi akiomba siku tatu nitampa mbili. Lakini kuvaa Shanga na kunyamaza, Mama alishajaribu, na tazama ilivyofika.

"Araba," nikasema palepale uani, kabla hajainuka. "Selorm nimemkubali."

Akakaza macho. "Mama?"

"Nimemkubali. Sipendi Keta, sipendi bahari yao, nitakuja huko kila mwezi na nitalalamika. Lakini mume wako nimemridhia, na wewe nimekubariki. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia nilichosema."

"Mama, jamani..."

"Rudia!"

"Umemkubali Selorm," akasema, "na umenibariki."

"Basi. Nimesema kwa mdomo, mchana kweupe, na kinu ni shahidi. Usije siku moja nikiwa nimelala kaburini ukahangaika kununua televisheni."